Salamu ya Magari Yanayojuana

Gari la tatu ndilo lililomliza Leanna Gentry, na masikini gari lenyewe halikuwa na kosa lolote.

Yale mawili ya kwanza walikuwa wameyajaribu asubuhi kule Asheville, yeye na mchumba wake Wade Ledford. La kwanza lilikuwa la Kimarekani, lenye kifua kipana na injini ya kutisha. Ukilikanyagia mafuta kidogo tu unabandikwa mgongo kwenye kiti na mbwa wa mtaa mzima wanaanza kubweka. Leanna aliliendesha mpaka kwenye taa za pili, akageuza na kurudi.

"Hili si gari," alimwambia Wade huku akishuka. "Hili ni ugomvi."

La pili lilikuwa la Kijerumani, jeusi, limetulia kama mkwe aliyekuja kuleta posa. Kona lilikata lenyewe, breki lilishika lenyewe, na Leanna alipochelewa kubadilisha gia lilimbadilishia bila kumuuliza.

"Vipi?" Wade aliuliza.

"Zuri."

"Zuri tu?"

"Linajua kila kitu, Wade. Mimi humo ndani sina kazi. Nimekaa tu kama mgeni."

Wade aliangua kicheko mpaka muuzaji akanuna. "Nimekuelewa, mpenzi," alisema. "Wewe hutaki gari la kukubeba. Unataka gari la kucheza nalo. Twende Spruce Pine kwa Mzee Burl."

Habari ya gari alikuwa ameianzisha Wade mwenyewe, na aliishikilia kama mtu aliyeweka nadhiri. Kila wakikaa kula, ni gari. Kila wakiongea kwenye simu, ni gari. Lazima Leanna awe na gari lake la kufurahia, lisilo na paa, la gia za mkono, kabla theluji haijaanguka. Leanna alikuwa na pikapu yake ya kwenda kazini, wala hakuona haraka ilitoka wapi. Zaidi ya hayo, Wade mwenyewe alikuwa ameuza lake mwezi wa nane. Kigari chake cha manjano, chenye mstari mweusi ubavuni alioupaka kwa mkono wake, alichokipenda kiasi kwamba Leanna alizoea kumtania kuwa ameposa mke wa pili.

"Harusi haifungwi kwa maneno," Wade alimwambia siku alipokiuza. Leanna alilala na furaha usiku ule. Nani asingelala na furaha? Mwanamume amemtolea sadaka kitu chake cha moyoni.

Na kile cha manjano ndicho kilichowakutanisha. Miaka mitatu nyuma Leanna alikuwa ameazima Miata ya dada yake, kimojawapo cha vile vigari vidogo vya Kijapani vya viti viwili, akawa anapanda nacho mlimani kuelekea kijiji cha Little Switzerland. Kwenye kona akapishana na Miata ya manjano, na kijana aliyekuwa ndani akamnyanyulia mkono. Leanna akamtazama kwa jicho la chini. Walipokutana tena kwenye kituo cha petroli, akamfuata hadi kwenye pampu.

"Wewe kaka, tunajuana?"

"Hatujuani, dada," Wade alimjibu kwa upole. "Magari yetu ndiyo yanayojuana."

Akamweleza kuwa ndiyo adabu ya wenye vigari vile. Mkipishana, lazima mkono unyanyuke. Iwe mvua, iwe umetoka kugombana na mkeo, unanyanyua. Asiyenyanyua hakulelewa. Tangu siku ile Leanna hakuwahi kumwona Wade akiiacha salamu hiyo ipite, hata mara moja. Aliwahi kuitoa akiwa na jino linalouma na shavu limefungwa kitambaa.

*

Mzee Burl Hensley aliwapokea uani kwake akiwa amevaa suruali ya kamba za mabegani, mikono nyuma. Gari lilikuwa chini ya turubai. Alilifunua polepole. Lilikuwa la buluu, dogo, halina mkwaruzo.

"Lilikuwa la marehemu mke wangu, Verna," alisema. "Wamekuja watatu kulitaka. Wote nimewafukuza."

"Kwa nini, Mzee?" Leanna aliuliza.

"Walikuwa wanakwaruza gia. Binti, mtu anayekwaruza gia atamkwaruza na mwenzake. Kwa hiyo mimi simuuzii mtu mpaka nimsikilize akiondoka hapa na akirudi. Nakaa kwenye kiti changu pale, nafumba macho, nasikiliza." Akamgeukia Wade. "Haya, liwashe wewe kwanza umwonyeshe."

"Hapana, Mzee. Anayenunua ndiye anayeshika usukani."

Mzee Burl alikunja uso. "Tangu lini mtoto wa Clyde Ledford akakataa usukani? Unaumwa?"

"Naoa, Mzee. Ni ugonjwa huohuo."

Wakacheka wote. Wade akapiga hatua kulizunguka gari, na mbwa mzee aliyekuwa amejilalia pembeni akatoa yowe, kwa sababu Wade alikuwa amemkanyaga mkia.

"Samahani, babu wee," Wade alisema akiinama, mkono wake ukipapasa hewa kidogo kabla ya kukipata kichwa cha mbwa.

"Mapenzi yamekupofusha," Leanna alimtania.

Wade alicheka pia, ila kicheko chake kilichelewa kutoka. Leanna hakulitilia maanani hilo, na baadaye lilimuuma kama mwiba.

Waliingia. Humo ndani mabega yao yaligusana, maana vigari vile havina nafasi ya watu walionuniana.

"Funga macho," Wade alisema.

"Nifunge macho ninunue gari? Mbona hiyo mpya?"

"Macho yanadanganywa na rangi. Funga, Lea."

Akafunga. Akausikia mkono wa kushoto wa Wade ukitua juu ya mkono wake wa kulia, ukaupeleka kwenye gia. Mkono ule ulikuwa wa moto.

"Isogeze. Ya kwanza. Ya pili. Usiisukume, iombe. Unasikia inavyoingia? Sasa klachi. Sasa usukani. Unajisikiaje?"

"Kama nimevaa kiatu changu mwenyewe."

"Basi," Wade alisema. Leanna alipofumbua macho alimkuta amegeuza kichwa chote, amemkazia uso wake kwa mtazamo mrefu. Siku hizi alikuwa na mtindo huo wa kumtazama mtu kwa kichwa kizima. Leanna alidhani ni mapenzi. Yalikuwa mapenzi kweli, hilo hatutambishia.

*

Aliondoka uani bila kukwaruza hata mara moja. Wakaanza kupanda. Ilikuwa katikati ya Oktoba, milima imewaka rangi nyekundu na ya dhahabu, na majani yalikuwa yanadondoka mpaka mapajani mwao.

"Ya tatu," Wade alimwelekeza. "Iache injini iimbe. Usiogope kelele. Hapo, sasa breki kabla ya kona, si ndani ya kona. Angalia unakotaka kwenda, gari litakufuata."

"Mwendo huu hata bibi yangu angenipita!"

"Ndiyo utamu wenyewe. Gari kubwa unatumia robo yake, robo tatu unaiogopa. Hiki unakikamua chote, wala huamshi polisi."

Kona ikaja, akaikata. Nyingine ikaja, akaikata vizuri zaidi. Gari lilikuwa linamwambia kila kitu kupitia makalio na viganja, na Leanna alijikuta akicheka peke yake, kicheko cha msichana mdogo kwenye bembea. Alijiambia moyoni kwamba wataanza safari zao za Jumapili upya. Watakwenda kula biskuti za moto, zile laini kama vimkate, na mchuzi mweupe kwa yule mama mwenye mgahawa darajani. Watazeeka humuhumu.

"Hili," alisema kwa sauti juu ya upepo. "Wade, nalitaka hili!"

"Nilijua. Sasa sikiliza, kipindi cha baridi usiliache nje, paa lake la turubai litapasuka. Na mafuta ya injini..."

Hapo ndipo, kwenye kona ya mbele, kikatokea kigari cha manjano.

Leanna alikijua kabla akili haijamwambia. Manjano yale, mstari ule mweusi ubavuni, umepinda kidogo pale Wade alipopiga chafya akiupaka. Ndani alikuwepo bwana mwenye kofia, yule aliyekinunua, na bwana yule alinyanyua mkono juu kabisa, tabasamu sikio hadi sikio. Leanna alinyanyua wake. Kigari kikawapita upande wa kushoto, karibu kabisa.

"...mafuta ya injini yabadilishe wewe mwenyewe," Wade alikuwa akiendelea, "usiwape mafundi wa haraka haraka."

Mkono wake ulikuwa umetulia juu ya goti.

Leanna alikata kona moja zaidi.

"Umekiona kile?"

"Kipi?"

"Kilichotupita sasa hivi."

"Aa, ndiyo," Wade alisema. "Kizuri."

"Cha rangi gani?"

Wade aligeuza kichwa chote, akatazama nyuma ambako hapakuwa na kitu tena.

"Wade. Cha rangi gani?"

Leanna alipunguza mwendo, akaingia kwenye sehemu ya watu kusimama kutazama mabonde, akazima injini.

"Kilikuwa chako," alisema. "Kigari chako cha manjano. Kimepita hapo, yule bwana amekunyanyulia mkono, na wewe unanihadithia mafuta ya injini."

Wade aliinamisha kichwa. Injini ilikuwa inatoa milio midogo ya kupoa.

"Kimetunzwa?" aliuliza.

Swali lile ndilo lililomtoa Leanna machozi. Alilia akiwa ameshika usukani kwa mikono miwili, kama vile bado anaendesha.

"Niambie," alisema. "Niambie yote, na usinifiche hata chembe."

"Ni macho ya kwetu," Wade alisema. "Ya baba. Yanaanza usiku. Mwaka jana nilikuwa siwezi tena kutoka kwenye sherehe za shule bila kushika ukuta. Nikajidanganya ni uchovu, mwalimu wa muziki ana mambo mengi. Kisha pembeni kukaanza kufunga. Sasa naona mbele kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Wewe nakuona, Lea, nikikuelekea sawasawa. Ukisogea kidogo, hupo."

"Daktari amesemaje?"

"Ameniambia niache kuendesha. Ilikuwa mwezi wa nane."

"Mwezi wa nane," Leanna alirudia. "Harusi haifungwi kwa maneno."

"Nisamehe."

"Nilikuombea dua usiku ule! Nilimshukuru Mungu kwa kunipa mwanamume anayejua kujinyima! Kumbe unanificha!" Alipiga usukani kwa kiganja. "Na bomba hilo litabaki hivyo?"

"Litazidi kuwa dogo. Baba lilimfunga kabisa alipofika arobaini na tano. Mimi huenda mapema."

Chini bondeni moshi ulikuwa unapanda kutoka kwenye paa la nyumba ya mtu. Leanna alijifuta uso kwa mkono wa koti.

"Haya. Tutaishi nalo. Wangapi hawaoni na wanaishi? Utafundisha muziki, masikio yako si yapo? Mimi nitaendesha. Kwa nini unanitazama hivyo?"

"Kwa sababu sikukuleta hapa tununue gari la kwetu," Wade alisema taratibu. "Nimekuchagulia la kwako. Nilitaka uwe na kitu cha kukufurahisha, ambacho nimekigusa mimi, nimehakikisha ni kizima. Halafu nikuache uende."

"Uniache niende wapi?"

"Kokote, Lea. Barabara ipo."

"Gari hili lina viti viwili, Wade Ledford! Hicho ulichokalia ulinichagulia kiwe cha nani? Cha mkoba wangu?"

"Cha mtu anayeona."

Leanna alimtazama mwanamume yule ambaye alimpenda mpaka mifupani, akaona kwamba hasemi kwa hasira. Angesema kwa hasira ingekuwa afadhali, hasira hupoa. Wade alikuwa amelifikiria jambo hili wiki nyingi, peke yake, gizani.

"Nani amekutia maneno haya?"

"Nipeleke kwa Mama," Wade alisema. "Umuulize mwenyewe."

*

Opal Ledford alikuwa barazani akimenya matofaa ya kupika, beseni mapajani, maganda yakining'inia marefu kutoka kwenye kisu. Alitazama gari la buluu likiingia, akamwona Leanna kwenye usukani na macho yake mekundu, akajua. Aliweka kisu chini.

"Amekwambia," alisema.

"Amenisomea hukumu, Mama," Leanna alisema. "Kasema nije kwako nionyeshwe aliyeiandika."

Wade alipita kati yao. Alihesabu ngazi kwa mguu, akaingia ndani, mlango wa wavu ukajipiga nyuma yake. Leanna sasa aliona vile mguu wake ulivyokuwa unapapasa. Ulikuwa unapapasa tangu lini? Na yeye alikuwa anatazama wapi?

"Kaa, mwanangu," Opal alisema.

"Sikai. Mama, mimi nilikukosea nini? Nilipokuja hapa mara ya kwanza ulinipa mkate wa mahindi wa kwenye sufuria ya bibi yako. Ulisema hupewa mtu wa nyumbani tu."

"Ndiyo, na wewe ni wa nyumbani. Ungekuwa mtu baki ningenyamaza, ukaolewa, ukayaona mwenyewe." Opal alifuta mikono kwenye aproni. "Unajua nilikuwa nacheza ngoma? Jumamosi zote, Burnsville, kwenye ule ukumbi wa kikosi cha zimamoto. Viatu vyangu vilikuwa na vyuma chini, watu wakinisikia wanasema Opal amefika. Clyde macho yalipofunga nilicheza mara moja tu. Niliporudi nilimkuta amekaa jikoni gizani, hajala, chakula kipo mbele yake na hakuthubutu kukigusa. Hakunilaumu. Alisema tu, 'Nilidhani umepotea.' Viatu nikavitia boksi."

"Alikuwa mtu mbaya?"

"Hapana! Clyde alikuwa mtu mwema mpaka anazikwa. Hilo ndilo gumu, mwanangu. Mtu mbaya unamkimbia mchana kweupe na watu wanakupigia makofi. Mtu mwema anayeogopa anakushika mkono, na huwezi kuutoa. Miaka ishirini na miwili mkono wangu ulikuwa umeshikwa."

"Lakini ulimpenda."

"Nilimpenda, nampenda mpaka sasa."

Leanna alisogea karibu, akapiga goti mbele ya beseni la matofaa. Alilishika swali lake mikononi kama mtu anayebeba maji, asije akalimwaga.

"Basi niambie kitu kimoja tu, Mama, na mimi nitaingia humo ndani nimtoe kwa nguvu. Ungerudi ukawa na umri wangu, na Clyde akakwambia vile Wade alivyoniambia leo. Ungekimbia?"

Leanna alikuwa na hakika na jibu. Alikwisha kuliona likija: mama atalia, atatikisa kichwa, atasema hapana, nisingekimbia kamwe, na mambo yatakwisha kwa kukumbatiana. Hayo ndiyo majibu ya akina mama wote tuliowazoea.

Opal alitazama mikono yake, yenye mikato midogo ya kisu.

"Ndiyo," alisema. "Ningekimbia. Na ningejuta mpaka kufa. Lakini ningekimbia. Afadhali usingeniuliza, mwanangu. Mimi si mtu wa kudanganya."

Mbao za sakafu zililia nyuma ya wavu. Wade alikuwa amesimama palepale mlangoni, na alikuwa amesikia kila neno.

"Mungu wangu," Opal alisema, akainuka, matofaa yakamwagika barazani yote. "Wade, mwanangu..."

"Asante, Mama," Wade alisema. Sauti yake ilikuwa tulivu kabisa. "Nimeishi nyumba hii nikikutazama ukimkatia Baba nyama. Kila siku nilitamani kukuuliza hilo, nikaogopa."

"Mimi si mama yako!" Leanna alipiga kelele. "Sina viatu vya vyuma, sichezi ngoma! Mimi ni mtu mwingine, Wade, nina moyo mwingine!"

"Najua wewe si yeye. Nataka ubaki hivyo."

"Huniulizi ninachotaka mimi?"

"Sikuulizi. Ungenijibu ndiyo, Lea, ungesema ndiyo sasa hivi. Na mimi si mwanamume wa kuweza kuikataa ndiyo yako mara mbili."

Alitoka nje, akapita juu ya matofaa kwa uangalifu, akalikanyaga moja, akasimama. Leanna alimkimbilia akamkumbatia. Alimbana kwa nguvu zake zote, akamnusa shingoni, na Wade akamfunika kichwa kwa mikono miwili, akapitisha vidole kwenye paji lake, nyusi zake, pua yake, mdomo wake, taratibu, kama alivyofanya wakati anamfundisha gia. Kisha akamwachia mwenyewe, akarudi nyuma hatua moja.

"Nitakuja Jumapili," Leanna alisema. "Nitapiga honi pale getini."

"Usije."

"Nitakuja."

"Sitatoka, mpenzi. Mrudishie Mzee Burl gari kabla ya chakula cha jioni, atakuwa kwenye kiti chake anasikiliza. Mwambie unalinunua. Niahidi hilo. Hilo tu."

Leanna hakuahidi. Alishuka ngazi bila kuziona, naye ana macho mazima mawili. Alimpita Opal, ambaye alikuwa amepiga magoti akiokota matofaa na kulia kimya kimya, akaingia kwenye gari la buluu. Kiti cha pili kilikuwa bado kimebonyea pale alipokuwa amekaa mtu. Jani moja jekundu lilikuwa limeanguka juu yake. Akaliacha lilivyo.

Akawasha injini.

Sauti yake iligonga ukuta wa ghala la upande wa pili wa ua na kurudi. Barazani, Wade aliisikia, akageuza kichwa chote kuitafuta, akaelekeza uso ghalani, mbali kabisa na pale Leanna alipokuwa. Akatabasamu kidogo. Halafu akanyanyua mkono.

Leanna aliungojea mkono ule upunge, kama wanavyopunga watu wanaoagana. Haukupunga. Ulinyanyuka mara moja tu, kiganja wazi, usawa wa bega, kama unatoka juu ya usukani. Ilikuwa ile salamu yao, wanayopeana wenye magari yanayojuana wanapopishana, huyu anapanda na yule anashuka.

Leanna akanyanyua wake. Aliuweka juu mpaka ukamuuma, akijua kwamba hauonekani. Kisha akaushusha, akakanyaga klachi, akaiomba gia ya kwanza iingie. Iliingia bila kukwaruza, na akaondoka taratibu, ili Wade asikie kwamba ameondoka vizuri.